Je, Tuibariki Motakaa ya Mbio?

Masomo: 1 Wafalme 10:26-29, Luka 14:28-30

Mwezi huu hatuandiki habari za mbali. Twaandika habari ya swali tuliloulizwa mlangoni pa nyumba ya ibada huko Dimani, katika wilaya ya Kibiti, siku ya Jumatatu ya Pasaka, tukashindwa kulijibu siku ile ile. Na kwa kuwa twajua ya kuwa wainjilisti na wazee wa sharika nyingine wataulizwa vivyo hivyo, yafaa tulitafakari pamoja.

Kijana mmoja, mwana wa usharika, afanyaye kazi Dar es Salaam, alikuja nyumbani kwa sikukuu akiendesha motakaa yake mwenyewe. Haikuwa motakaa ya kuchukulia korosho, wala ya abiria. Ilikuwa motakaa ya mbio, ya Kijapani, fupi ya kimo, rangi ya buluu, yenye bomba la moshi pana kama kopo la maziwa. Sauti yake tuliisikia ingali mbali, upande wa barabara ya lami, hata mama mmoja mzee akadhani ya kuwa mashine ya kukoboa mpunga imeletwa kijijini. Watoto wakaiacha ibada wakaenda kuizunguka. Tulipotoka, kijana akaja kwetu, akatuamkia kwa adabu, akasema, “Wazee wangu, naomba mniombee motakaa yangu, muibariki.”

Basi wazee wakagawanyika. Mmoja akasema, “Haraka haraka haina baraka. Sisi tutaiombeaje haraka yenyewe?” Mwingine akajibu, “Mashua twaziombea, na bodaboda twaziombea, na mashine ya kusaga tuliiombea mwaka jana. Hii ina dhambi gani?” Wa tatu akauliza bei yake. Alipokwisha kutajiwa akanyamaza kimya, wala hakusema neno tena mpaka jioni.

Kijana, alipoona mashaka yetu, akatualika tuketi ndani, tuone kwanza kitu tunachobishania. Hatutaki kuwadanganya wasomaji wetu: tulipanda. Akatuchukua polepole katika njia ya udongo, akikwepa mashimo kama mtu abebaye mayai. Tulipofika kwenye barabara kuu iendayo Lindi, mahali peupe pasipo nyumba, akakanyaga mafuta. Ndugu, mgongo ukabandikwa kwenye kiti, mikorosho ya kando ikawa kama ukuta mmoja wa kijani, na sisi wazee wenye mvi tukacheka kama watoto waliotupwa majini na kaka zao. Alipopunguza mwendo tukaona haya kidogo, maana tulikuwa tumekwisha kufikiri maneno makali ya kumwambia.

Kwa hiyo tuanze na furaha, kwa kuwa kuikana kungekuwa uongo. Kijana huyu alitufunulia boneti akatueleza mambo ambayo hatukuyajua. Alituonyesha kile wakiitacho tabo, yaani feni ndogo izungushwayo na moshi wa injini yenyewe, ili isukume hewa nyingi zaidi ndani, na petroli nyingi zaidi ipate kuungua, na nguvu iongezeke. Feni hiyo, ambayo hukaa katika kiganja cha mkono, huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja. Hapo ndipo tulipokumbuka habari ya Bezaleli katika kitabu cha Kutoka, ambaye Mungu alimjaza roho yake apate akili ya kufua dhahabu na shaba na kuchonga miti. Akili ya mikono ni karama, wala hatuoni sababu ya kusema ya kuwa Roho huyo aliacha kazi alipofika kwenye chuma.

Tena kijana alituambia ya kuwa huko mjini wako vijana wenziwe wapendao motakaa za namna hii: huyu ana Subaru Impreza, yule Toyota Altezza, yule Nissan Skyline. Hukutana Jumapili alasiri, hufungua maboneti, huazimana spanea, na mwenye kuharibikiwa husaidiwa na wenzake bila ujira. Mmoja ni Mwislamu wa Ikwiriri, naye ndiye aliyemfundisha kutengeneza sanduku la gia. Sisi Wakristo wa Rufiji tu wachache katikati ya ndugu zetu Waislamu, nasi hatudharau urafiki wa namna hiyo.

Haya, furaha tumeikiri. Sasa gharama.

Bwana wetu katika Luka 14 anamtaja mtu atakaye kujenga mnara, ambaye yampasa kuketi kwanza na kuhesabu. Mara nyingi tumehubiri somo hilo juu ya ufuasi, na ndivyo ilivyo. Walakini mfano wenyewe unasimama juu ya desturi ya mtu mwenye akili, kwamba ahesabu kabla ya kuanza. Tukamwomba kijana ahesabu mbele yetu. Akatoa daftari, maana ni kijana wa taratibu, na tukaketi chini ya mwembe.

Motakaa kuukuu kutoka Japani, bei yake kule si bei yake hapa. Juu ya bei huongezwa nauli ya meli na bima, na jumla hiyo hutozwa ushuru wa forodha asilimia 25. Kisha huja ushuru wa bidhaa, ambao hupanda kadiri injini inavyokuwa kubwa. Ikiwa motakaa imepita umri wa miaka 8, huongezwa ushuru wa uzee. Na juu ya hayo yote hutozwa kodi ya ongezeko la thamani. Kwa hiyo mtu aonaye bei katika picha na kushangilia, anashangilia mguu mmoja wa ng’ombe. Tena injini yenye tabo yataka mafuta ya kulainisha yaliyo bora, na kubadilishwa mapema kuliko motakaa ya kawaida, maana moto wa ile feni ni mkali, na mafuta yaliyochoka huiua. Matairi yake ni mapana, na ni ya bei. Spea nyingine hazipatikani hata Kariakoo, zaagizwa ng’ambo. Na petroli, akasema huku akiinamisha macho, huinywa kwa jinsi mguu unavyotaka.

Tulipoyajumlisha tukakuta ya kuwa zaidi ya nusu ya mshahara wake wa kila mwezi huingia katika chuma kile, na ya kuwa alikopa ili kuinunua, na mkopo haujakwisha. Wala hatukumkemea. Yeye mwenyewe alikuwa hajapata kujumlisha. Alikuwa ameandika kila kitu katika ukurasa wake, lakini kurasa hazikuwa zimekutana.

Hapo ndipo tuliposoma habari ya mfalme Sulemani, ambaye twaweza kusema bila utani ya kuwa alikuwa mpenda magari mkuu kuliko wote katika Maandiko. Alikuwa na magari 1,400 na wapanda farasi 12,000. Naye hakuyatengeneza nyumbani; aliyaagiza kutoka Misri, na Neno la Mungu latupa bei kama hati ya forodha: gari moja shekeli 600 za fedha, na farasi mmoja shekeli 150. Gari na farasi wawili, basi, ni shekeli 900 kabla hawajala. Na kula walikula! Katika sura ya nne ya kitabu hicho hicho twasoma ya kuwa maakida wake walileta shayiri na majani kwa ajili ya farasi, kila mtu kwa zamu yake. Na shayiri ile ilitoka wapi? Ilitoka katika mashamba ya watu. Sheria ya Musa, katika Kumbukumbu la Torati 17, ilikuwa imekwisha kumkataza mfalme asijizidishie farasi wala asiwarudishe watu Misri kwa ajili yao. Lakini Sulemani alipenda. Na alipokufa, watu walikuja kwa mwanawe wakilia juu ya nira nzito, wakaomba ipunguzwe, naye akakataa, na ufalme ukapasuka vipande viwili.

Sisi hatusemi ya kuwa farasi peke yao waliupasua ufalme. Twasema ya kuwa shayiri yao ilihesabiwa na mtu mwingine. Hili ndilo swali tutakalo kila mwinjilisti aliweke moyoni aulizwapo juu ya anasa yo yote: nani huleta shayiri?

Wala hatuna haja ya kwenda Yerusalemu kulitafuta jibu. Katika mikono hii hii ya Rufiji, kati ya mikoko yetu, iliingia mwaka 1914 manowari ya Wajerumani iitwayo Königsberg. Ilikuwa meli ya kasi, iliyoundwa ili ikimbie. Mwezi Septemba mwaka ule iliizamisha manowari ya Waingereza, Pegasus, huko Unguja. Kisha mitambo yake ikaharibika, na makaa yakapungua, ikajificha katika delta yetu kama mamba mwenye jeraha. Je, mitambo ile ilitengenezwaje? Ilifunguliwa, ikapelekwa kwa nchi kavu hata Dar es Salaam, kisha ikarudishwa, ikikokotwa na maelfu ya watu weusi katika msitu na matope. Meli haikutoka tena. Waingereza waliifungia mlango wa mto, na tarehe 11 Julai 1915 iliangamia hapo hapo. Na baada yake mizinga yake 10 ikaondolewa, ikachukuliwa bara ipigane tena. Kasi ilikuwa ya maofisa, kamba ilikuwa begani mwa wengine. Hakuna aliyewauliza kama wanapenda meli za mbio.

Tulipomaliza habari hii kijana akasema, “Lakini mzee, mimi sikumkokotesha mtu.” Tukamwuliza juu ya paa la nyumba ya mama yake. Akanyamaza. Paa lile twalijua sote. Ni la makuti, na makuti yake ni ya mwaka juzi, na masika yalikuwa yamekwisha kuanza.

Hata hivyo imetupasa kusema na upande wa pili, maana wako wazee wapendao kufunga mambo kwa neno moja. Mchezo wa mbio za motakaa si mgeni katika nchi hizi. Mwaka 1953, kwa ajili ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yalianzishwa mashindano yaliyoitwa Coronation Safari, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwa miaka mingi yalifanywa wakati wa Pasaka, majira ya masika, makusudi matope yawe hakimu. Mwaka 1963 zilianza motakaa 84, zikamaliza 7 tu. Mwaka 1968 zilianza 93, na tena zikamaliza 7. Mwaka 1965 alishinda Joginder Singh wa Kenya, aliyekuwa fundi, pamoja na ndugu yake Jaswant, katika Volvo kuukuu iliyokwisha kutumiwa na wengine. Naye akashinda tena mwaka 1974 na 1976. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mara tano. Watu hao walipendwa na watoto wa vijiji vyote walimopita, na wazee wengi walio hai hata leo wakumbuka vumbi lao. Katika mambo yao twajifunza hili: kwamba kumaliza ni heshima kubwa kuliko kukimbia, na kwamba fundi mwenye motakaa kuukuu aijuaye vema aweza kumpita tajiri mwenye mpya asiyeijua. Tena walikimbia wakiwa na saa, na wasimamizi, na siku iliyotangazwa.

Barabara ya kwetu haina msimamizi. Ina mama abebaye ndoo, na mbuzi, na mtoto atumwaye chumvi. Na hapa yatupasa kusema kwa uzito, maana jambo hili si la fedha. Sheria ya nchi yaamuru mwendo usiozidi kilomita 50 kwa saa panapokaa watu. Wengi hufikiri ya kuwa mwenye kwenda 100 ameongeza hatari mara mbili. Sivyo. Mwendo ukiwa mara mbili, nguvu ya pigo huwa mara nne, na mahali pa kusimamia kwa breki hurefuka mara nne vilevile. Aendaye 50 hupita mita 14 hivi kwa sekunde moja. Aendaye 100 hupita karibu 28. Katika nafasi ya kusema “Baba yetu” amekwisha kupita nyumba ya ibada. Hesabu hii kila mwinjilisti aweza kuwafundisha vijana wa kipaimara pamoja na Amri ya Tano, kwa kuwa Martin Luther katika Katekisimo Ndogo hakutuachia amri hiyo kwa kutokuua tu. Alitufundisha ya kuwa twapaswa kumsaidia jirani katika hatari zote za mwili wake.

Luther huyo huyo, katika Katekisimo Kubwa, akieleza Amri ya Kwanza, afundisha ya kuwa kile ambacho moyo umejitundika juu yake, hicho ndicho mungu wa mtu. Twaomba neno hili lisitumiwe kama fimbo ya kuwapigia vijana peke yao. Maana tulipokuwa tukilisema, mmoja wetu akaangalia vipaza sauti vya kwaya, ambavyo tulivinunua kwa mkopo, na ambavyo hulia kuliko bomba la moshi la kijana, na mtunza hazina akakohoa. Kila mtu ana motakaa yake. Wengine waiita nyumba ya vigae, wengine harusi ya binti, wengine suti ya Krismasi.

Tukarudi kwa ombi. Tukamwambia kijana, “Mwanangu, hatuombei chuma. Twamwombea mwenye kuendesha, na wale walio njiani. Lakini kabla ya kuomba, fundi wetu aitazame.” Fundi wa bodaboda akalala chini ya ile motakaa na tochi. Akatoka, akifuta mikono, akasema ya kuwa injini ni safi kama sahani, na rimu ni nzuri ajabu, bali breki za mbele zimekwisha, chuma chagusa chuma. Tukamtazama kijana. Akakiri ya kuwa alijua tangu Februari, lakini fedha zilizokuwepo zilitosha kitu kimoja tu, na rimu zilikuwa zimeshuka bei.

Enyi ndugu, sisi tulikuwa tumepanda ndani ya motakaa ile saa mbili kabla, tukicheka.

Mzee wa methali akasema, “Kwanza breki, kisha sala.” Yule aliyekuwa akiitetea akakubali. Kijana akakasirika. Alisema ya kuwa amekuja kutafuta baraka amepata mahakama, tena ya kuwa huko mjini angeombewa na wengine bila kuulizwa hata jina. Neno hilo la mwisho ni kweli, nalo lilituuma. Akaondoka jioni ile ile, polepole, twashukuru, na mama yake hakutusemesha kwa majuma mawili. Usiku ule hatukulala vema. Ni vyepesi kuandika katika gazeti ya kuwa mzee asimame imara. Lakini vijana wakiondoka na hasira wako wasiorudi, na mwinjilisti ambaye hajampoteza kijana kwa njia hiyo ni mwinjilisti mgeni.

Katika usiku huo tuliisoma tena habari ya Mwethiopia, Matendo ya Mitume 8. Yule towashi naye alikuwa na gari zuri, maana alikuwa mtunza hazina wa malkia. Twasoma ya kuwa Filipo aliamriwa alisogelee gari lile, akapiga mbio, akamsikia akisoma. Tumelihubiri somo hili miaka mingi wala hatukuona jambo lililo wazi: lilikuwa gari ambalo mtu wa miguu aliweza kulifikia. Mwenyewe alikuwa juu, na kitabu mikononi, na alipoulizwa swali hakuamuru farasi wapigwe. Alimkaribisha muulizaji apande. Na Filipo alipanda. Hakusimama kando ya njia akikemea magurudumu. Asubuhi tukamwandikia kijana barua, tukamwambia ya kuwa tulifurahi kweli tulipopanda motakaa yake, na ya kuwa mlango u wazi.

Hakujibu. Pentekoste alikuja kwa basi, akaketi nyuma, akatoka kabla ya baraka. Mama yake akatuambia ya kuwa motakaa iko kwa fundi.

Mwezi Julai, Jumamosi moja, tukasikia tena ile sauti upande wa lami, walakini ndogo, kwa kuwa alikuwa amerudisha bomba la kwanza. Rimu zile za kung’aa hazikuwapo. Alikuwa ameziuza, na motakaa ilisimama juu ya rimu za chuma cheusi, ikionekana kama mtu aliyenyolewa. Nyuma, katika kiti, kulikuwa na mabati yaliyokunjwa, si ya paa zima, ila ya upande unaovuja zaidi. Mkopo ungaliko. Motakaa hakuiuza, wala hakutuahidi ya kuwa ataiuza, nasi hatukumwomba. Akafungua daftari lake akatuonyesha ukurasa mpya, ambamo mapato na matumizi vilikuwa vimekutana, na palipobaki kitu palikuwa padogo sana.

Fundi wa bodaboda akalala tena chini na tochi. Alipotoka aliinua kidole gumba. Tukasimama kando ya njia, wazee na watoto na majirani zetu Waislamu waliokuja kutazama, tukamwombea mwendeshaji kwa jina lake, na mama wa ndoo, na mtoto wa chumvi. Tuliposema Amina, yule mzee wa tatu, ambaye tangu Pasaka hakupata kusema neno juu ya jambo hili, akauliza kama kiti cha mbele kina mtu.